Asali ya Ipole na Kidole cha Mzee Feruzi

Vijana wangu wa idara ya picha, siku ile mliponialika chuoni mlinipa dakika ishirini. Kumi kati ya hizo nilizitumia kutafuta miwani iliyokuwa kichwani pangu. Mlicheka, nami niliwaona, hasa yule binti wa safu ya mbele aliyejifanya anakohoa. Basi yale niliyoyaacha nayaandika hapa, ambapo hakuna wa kunionyesha saa.

Kwa waliokuwa wamesinzia, mimi ni Mama Kulwa. Nilifanya kazi ya eksirei katika hospitali moja ya Tabora, nikaanza miaka michache baada ya uhuru na kuendelea mpaka Ujamaa ulipoanza kuchoka. Mimi nilichoka baada yake kidogo. Sasa ninaishi Itetemia na kuku wangu, ambao hawanisikilizi kama ninyi tu.

Nimeona mashine zenu. Mnabonyeza, picha inatokea kwenye kompyuta, mkikosea mnafuta na kukosea upya, na dunia haijui. Sisi kosa letu lilikuwa likianikwa. Filamu ilitolewa gizani kwenye kaseti, lile kasha bapa la chuma, ikachovywa kwenye dawa ya kwanza, ikasuuzwa, ikaingia dawa ya pili, ikasuuzwa tena, kisha ikatundikwa kwa vibanio kama nepi za mtoto. Daktari akipita anaona picha ya mguu iliyokatwa kisigino, na anajua nani kaipiga. Ile dawa ya pili ilinuka siki. Mume wangu alijua nimefika kabla sijapiga hodi.

Na ile ya kwanza ilikuwa na tabia zake. Mwezi wa kumi, Tabora ikiwaka, filamu ilikuwa nyeusi kabla hujamaliza kuhesabu. Mwezi wa saba unasubiri mpaka unasahau ulichokuwa unasubiri. Kipimajoto kilikwisha kuvunjika zamani. Mwalimu wangu alikuwa akigusa ubavu wa tangi la dawa kwa kiwiko, kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto, akasema, "Leo dakika tatu, si tano," na zikawa tatu kweli. Jaribuni kufanya hivyo na kompyuta.

Mwalimu huyo alikuwa Mzee Feruzi. Alikuwa mtu wa mjini hasa, wa mtaa wa Ng'ambo, mtoto wa mfua bati na mjukuu wa fundi kofia. Kazi ya picha alijifunza wakati wa vita vya pili vya Wazungu kwa daktari mmoja wa kikoloni aliyehitaji mtu wa kumshikia kaseti. Cheti hakuwa nacho hata cha kubatizwa, maana alikuwa Mwislamu, lakini sijaona hadi leo mtu anayejua mifupa ya watu kama yeye. Kabla hajapiga picha alipitisha mkono wa kushoto juu ya bega au mguu wa mgonjwa, polepole, akasema umevunjika hapa. Picha ilikuwa ya kumthibitishia daktari tu.

Mimi nilikuwa msaidizi wa wauguzi wodi ya wanawake. Matroni alipouliza nani atakwenda chumba cha eksirei, wenzangu wote walitazama sakafu, kwa sababu ilisemwa kwamba ukikaa mle huzai. Nikanyoosha mkono mimi, kwa sababu nilikuwa nimechungulia nikaona kuna kiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Unatoka wapi?"

"Ipole, Mzee."

"Ahaa. Kwa warina asali."

"Ndiyo, Mzee. Baba ana mizinga."

"Basi umezoea kufanya kazi karibu na kitu kinachouma. Vaa hii." Akanipa miwani yenye vioo vyekundu.

Msicheke tena. Kulikuwa na skrini ya kuangalia kifua moja kwa moja, bila filamu, na mwanga wake ulikuwa hafifu sana. Ili uone chochote, ilibidi macho yazoee giza kwanza, na miwani ile nyekundu ilifanya kazi hiyo huku ukiendelea na shughuli zako kwenye mwanga. Mzee Feruzi hakupenda kupoteza nusu saa, kwa hiyo aliivaa nyumbani akatembea nayo mpaka hospitali. Asubuhi moja mgeni aliyeshuka kwenye treni alimdhania kipofu, akamshika mkono kwa huruma na kumvusha barabara. Mzee hakuwa na safari ya upande ule. Alikubali kuvushwa, akamshukuru yule bwana na kumwombea dua, akasubiri apotee kwenye kona, ndipo akavuka kurudi. Nilimwuliza kwa nini hakusema tu kwamba anaona.

"Angeona aibu," akasema.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa tayari kwenda asikotaka ili mtu mwingine asione aibu.

Sasa makosa yangu, maana najua ndiyo mnayoyasubiri. Wiki ya pili alikuja bibi mmoja kutoka Tura, amepanda treni na kikohozi chake. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, nikamsimamisha vizuri, mabega mbele, kidevu juu. Nikamwambia, "Vuta pumzi, bibi. Zuia." Nikapiga. Kwa furaha ya kupiga peke yangu nilichomoa kaseti nikakimbilia chumba cha giza kuosha. Niliporudi bibi alikuwa bado amesimama pale pale, mashavu yamejaa, macho yamemtoka, anazuia. Mzee Feruzi aliingia nyuma yangu akamgusa bega.

"Pumua, mama. Imekwisha."

Kisha akanigeukia mimi. "Ukimwamuru mtu asimame, kumruhusu aendelee ni kazi yako pia. Usimwachie Mungu."

Nimeambiwa bibi huyo alirudi Tura akawasifu sana watu wa Tabora, ila akasema mashine yao inataka roho. Mpaka leo treni ikisimama Tura mimi huwa naangalia upande wa pili.

Kulikuwa pia na aproni ya risasi, ile nzito ya kukinga mionzi. Mnaivaa siku hizi, au mnaitundika ukutani mkaguzi akija? Yetu ilikuwa na kazi muhimu sana. Ilikuwa chini, nyuma ya mlango, kuuzuia usipigwe na upepo. Na glavu za risasi zilikuwa juu ya kabati, mpya kabisa. Mzee alisema huwezi kumpapasa mtu bega ukiwa umevaa sufuria.

Nawafikisha sasa kwenye mkono wake. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza Mzee Feruzi alizima taa, akawasha mashine, akauweka mkono wake wa kushoto nyuma ya skrini, penye mionzi, kuona kama mwanga umekaa sawasawa. Alikunja vidole, mifupa ikajikunja. Alivikunjua, ikajikunjua. "Imeamka," anasema, na kazi inaanza. Yule daktari wa wakati wa vita ndiye aliyemwonyesha, na tangu siku hiyo hakuacha hata asubuhi moja. Aliniambia ni kama mpishi anavyoonja mchuzi. Unawezaje kumpa mgonjwa kitu ambacho hujakionja?

Haikupita miezi mitatu nami nikawa naonja. Tena niseme ukweli, sikuwa napima mashine. Nilikuwa nimeolewa mwaka ule, na nilipenda kuiona pete yangu ikielea nyeusi juu ya mfupa. Nilijiona msichana wa kisasa kuliko wote Unyamwezi.

Kilichoniokoa ni kichefuchefu. Mzee alitambua maana yake kabla ya mume wangu, na kwa kweli kabla yangu mimi. Asubuhi hiyo nilimkuta amesimama mlangoni, mikono imeziba njia.

"Binti, humu huingii. Nenda pale mezani ukaandike daftari la wagonjwa mpaka ujifungue."

"Mzee, mbona wewe unaingia?"

"Mimi sina mimba."

Nilinuna miezi yote hiyo. Niliandika majina ya Wanyamwezi wote wenye kifua. Nilipojifungua walikuwa wawili, Kulwa na Doto, wazima, na wale waliosema ukikaa chumba kile huzai hawakuja kunipongeza. Niliporudi kazini Mzee alinirudishia kila kitu isipokuwa mchezo wa asubuhi. "Mashine ina mkono wake tayari," akasema. "Haihitaji wa pili."

Kwa hiyo alijua. Si kwa kusoma, lakini alijua kwamba kile kitu kinaunguza mahali pasipoonekana. Alimkinga kila mtu nacho akasahau kwamba na yeye ana ngozi.

Miaka mingi baadaye, nimeshastaafu, nilimwuliza Kulwa jambo lililokuwa likinikera. Kulwa ndiye aliyesoma. Yuko maabara huko Dar es Salaam, anachungulia chembe za watu kama mimi nilivyochungulia mifupa yao. Alikuwa amekuja likizo, tumekaa tunabangua karanga. Nikamwuliza kwa nini mimi vidole vyangu kumi ninavyo na Mzee Feruzi hakubaki navyo vyote, wakati sote tuliuonja mchuzi ule ule.

Akaniambia hivi. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna uzi mrefu wenye maelekezo yote ya jinsi ya kuwa wewe. Mionzi ikipita inaweza kuukata uzi huo. Hilo si la ajabu, uzi unakatika kila siku hata kwa jua tu, na mwili una mafundi wa kuunga. Swali ni nani anaamua nini kifanyike baada ya kukatika.

"Kuna protini moja inaitwa p53," akasema. "Siku za kawaida ni chache sana, kila ikitengenezwa inavunjwavunjwa. Uzi ukikatika, inaachwa ijae. Ikijaa ndiyo inashika amri."

"Mjumbe wa nyumba kumi," nikasema.

"Nani?"

Ninyi nanyi hamjui. Enzi za chama kimoja kila nyumba kumi zilikuwa na mjumbe wao. Siku za amani humwoni, pengine yuko shambani kwake. Sufuria ikiruka nyumba ya tatu, unamkuta kila chumba, anauliza nani kaanza.

"Mama, wewe na ujamaa wako," Kulwa akasema, lakini hakukataa. "Haya, mjumbe. Jambo la kwanza anasimamisha kazi. Chembe ilikuwa inajiandaa kujigawa mbili, anasema ngoja, kwa sababu ukijigawa na uzi mbovu unanakili ubovu. Halafu mafundi wanafanya kazi. Wakiunga vizuri, mjumbe anapungua, anaondoka, chembe inaendelea na maisha yake."

Nikamkumbuka bibi wa Tura.

"Na mafundi wakishindwa?"

"Anaiamuru ijiue. Inajikunja taratibu, inajikata vipande vidogo, majirani wanavimeza. Hakuna fujo, hakuna usaha. Inakufa ili wengine wasiharibike."

"Na la tatu?"

"Nani kakwambia kuna la tatu?"

"Umenyoosha vidole vitatu."

Akacheka. "La tatu inastaafishwa. Haifi, ila hairuhusiwi kujigawa tena maisha yake yote. Inakaa tu pale, inatoa vitu vya kuwachokoza majirani."

Alinitazama, nami nikamtazama.

"Usiseme," nikamwambia.

Karanga zilipokwisha ndipo tukafika penye swali langu. Nikamwuliza, akiumia mjumbe mwenyewe je? Maana mionzi haichagui. Kulwa akaacha kucheka. Akasema maelekezo ya kumtengeneza mjumbe nayo yameandikwa kwenye uzi huo huo, mara mbili, nakala ya baba na nakala ya mama. Moja ikiharibika, ya pili mara nyingi inasaidia. Ikiharibika na ya pili, chembe ile inabaki bila wa kuiambia simama wala wa kuiambia kufa. Uzi unakatika na yenyewe inajigawa. Unakatika tena, inajigawa tena, na makosa mengine yanaongezeka juu ya makosa. Haichukui siku moja. Inaweza kuchukua miaka mingi kabla mtu hajaona chochote kwenye ngozi.

"Kila kuonja ni kurusha jiwe gizani, huenda likampata mjumbe. Wewe ulirusha machache, Mama, ukaondolewa uwanjani. Yeye alirusha kila asubuhi tangu vita. Na bahati nayo imo. Ila kidole chake hakuna aliyekipima kwa namna hiyo, vipimo vyenyewe havikuwapo, kwa hiyo nakueleza inavyokuwa kwa wengi. Chake siwezi kukiapia."

Nampenda mtoto huyu kwa sababu hiyo. Akifika mwisho wa anachokijua, anasimama.

Sasa kidole chenyewe. Kilikuwa cha pete, mkono wa kushoto. Miaka kadhaa baada ya mapacha wangu kuzaliwa, kwanza kucha zake zote za mkono huo zilianza kuwa na mistari na kupasuka, na ngozi ikakauka ikawa inang'aa kama karatasi. Mzee alisema ni ile dawa ya kuoshea. Kisha ikatokea sugu ndogo pembeni mwa kidole, akaikata kwa wembe. Pale alipokata pakawa kidonda. Wiki mbili, wiki tatu, hakifungi.

"Binti," akaniambia siku moja tunaanika filamu, "ile asali ya baba yako, inaweza kupatikana chupa moja?"

Nilifurahi, vijana wangu. Miaka ile yote sikuwa nimepata kitu cha kumpa mtu ambaye alinipa kazi nzima. Baba alileta chupa kutoka Ipole, asali nyeusi ya porini iliyochujwa vizuri, na mimi nikampa Mzee maelezo kama daktari bingwa: safisha kwa maji ya chumvi, paka, funga kitambaa safi. Asali inasafisha kidonda kweli. Nimeona watu walioungua moto wakifungwa kwayo na wakapona. Na kidonda cha Mzee kilionekana kupona, juu juu. Kinafunga ngozi nyembamba, nasema alhamdulillahi pamoja naye ingawa mimi ni Mkatoliki, kisha kinafunguka tena, kikubwa kidogo kuliko mwanzo.

Nikaleta chupa ya pili. Nikaleta ya tatu.

"Usimwambie mtu," akaniambia. "Ni jambo dogo."

"Sawa, Mzee."

Alishusha zile glavu za risasi kutoka juu ya kabati akaanza kuivaa ya kushoto wakati daktari yupo, ili kitambaa kisionekane. Madaktari wakamsifu kwa kufuata kanuni. Mimi nilisimama pale nikijua, na nilinyamaza. Nitawaambia kwa nini, na msinitetee. Sababu ya kwanza, yeye alikuwa mwalimu wangu na nilikuwa nimesema sawa. Ya pili inaniuma zaidi. Asali ilikuwa yetu. Kwenda kwa daktari kulikuwa ni kukiri kwamba asali ya baba yangu imeshindwa, na mimi nilikuwa nimeisifu mno.

Siku niliyosema ilikuwa siku ya kazi ya kawaida, mchana. Alikuja mkulima wa tumbaku aliyeanguka kutoka kwenye lori la kijiji, bega limeinama. Mzee alivua glavu, akapitisha mkono wa kushoto kwenye mfupa wa bega kama kawaida yake, na alipofika penye mvunjiko yeye ndiye aliyepiga ukelele, si mgonjwa. Aliurudisha mkono kifuani. Yule mkulima, maskini, akamwambia pole. Nami niliyekuwa nimeshika kaseti nikaisikia harufu kupitia kitambaa, na haikuwa harufu ya asali.

Niliiweka kaseti mezani nikaenda moja kwa moja wodi ya upasuaji. Daktari alikuwa kijana, ameanza kazi juzi juzi, anaita kila mtu ndugu.

"Ndugu Daktari, njoo umwone Mzee Feruzi mkono."

"Ana nini?"

"Njoo umwone tu."

Alipofika alisema kwa adabu, "Mzee, naomba unifungulie hapo." Mzee Feruzi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, muda mrefu, kisha akafungua kitambaa mzunguko mmoja baada ya mwingine.

Kipande cha kidonda kilikatwa, kikawekwa kwenye kichupa cha dawa, kikapelekwa Dar es Salaam kwa treni. Tukasubiri majibu wiki nyingi. Mzee alikuja kazini kila siku na hakunisemesha. Aliongea nami kwa kupitia wagonjwa. "Mama, mwambie huyo binti akusogeze kulia." Na mama wa watu, amelala na nyonga yake, ananitazama: "Anasema unisogeze kulia." Wagonjwa wote walijua tumegombana. Mmoja alitupatanisha huku anapigwa picha ya fuvu, nikamwomba asitikisike kwanza.

Majibu yalikuja. Saratani ya ngozi. Daktari akataka picha ya mkono aone kama imeingia kwenye mfupa, maana hapo ndipo angejua akate nini: ncha, kidole, au mkono wote toka kwenye kifundo. Aliogopa hilo la mwisho, na mimi niliogopa zaidi yake. Mtu mwenye macho mkononi, ukimkata mkono umembakizia nini?

Wa kupiga picha hiyo alikuwa mimi, hakuna mwingine. Mzee aliuweka mkono wake juu ya kaseti mwenyewe, akavitandaza vidole. Nilirekebisha mashine mara tatu. Nikasema "usitikisike, Mzee," nikiwa namwambia mtu aliyenifundisha neno lenyewe. Yeye alikuwa ametulia kabisa.

Aliingia nami chumba cha giza. Tulisimama bega kwa bega kwenye taa ile nyekundu, picha ikaanza kuja ndani ya dawa, mifupa ile niliyoiona ikijikunja na kujikunjua kila asubuhi. Mfupa wa kidole cha pete ulikuwa umeliwa kama ubao wenye mchwa. Niliuona huo tu, machozi yakanizuia kuona mwingine. Yeye aliisoma yote.

"Viwili," akasema, kama anayesema na tangi. "Cha pete na cha kati. Kiganja ni kizima, kitabaki."

Na ikawa viwili. Daktari alimpapasa kwapani hakukuta tezi iliyovimba, akasema tumshukuru Mungu haijatembea. Kisha akaongeza, bila nia mbaya, huku ananawa mikono, kwamba angeletwa miezi michache kabla, pengine kingekatwa kipande cha kidole kimoja. Alisema hivyo akaenda zake chakula cha mchana. Mimi nilibaki pale nikihesabu chupa.

Nilimwachia wiki mbili ndipo nikaenda nyumbani kwake Ng'ambo. Mkononi nilikuwa na mchele. Mkewe, Bi Zuhura, alinipokea mlangoni.

"Karibu, Mama Kulwa. Yuko ukumbini. Hataki maneno na mtu, anazungumza na redio."

Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono umefungwa bandeji nyeupe, umelala juu ya mto.

"Shikamoo, Mzee."

Macho yake yalibaki kwenye redio. "Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini?"

"Ya kwenda kwa daktari. Uliniambia nisiseme, nami nilikuwa nimekubali."

Alinyoosha mkono mzima, akaizima redio. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kunitazama usoni.

"Kwa hilo sina hasira na wewe," akasema. "Chupa ya kwanza uliniletea lini?"

"Kabla ya Ramadhani, Mzee."

"Na ya mwisho?"

"Watu wanavuna tumbaku."

"Unaona. Muda wote huo mimi nilikuwa naogopa. Mtu mzima, nimetazama mifupa ya Tabora nzima, naogopa kidole changu mwenyewe. Kila ukiingia asubuhi nasema leo atakwenda kusema. Huendi. Unaniletea chupa nyingine."

"Mzee, si uliniambia..."

"Nilikwambia. Lakini fikiri, binti. Asali imejaa soko zima la Tabora, mwendo mfupi tu kutoka mlango huu. Kwa nini nikuombe wewe, unayekutana na madaktari kila siku?"

Nililia pale pale mbele yake, sikujificha hata kwa kanga. Aliniacha nilie mpaka Bi Zuhura akaleta kahawa. Ndipo akaniuliza kama filamu za kifua zimeshafika kutoka Dar es Salaam, kwa sababu Jumatatu alikuwa anarudi kazini.